Ng'ombe anapogeuka alama zisizosomeka

NG'OMBE ni neno lisilokosekana katika kumbukumbu za wafugaji wa Endasak, wilayani Hanang, mkoani Manyara. Hata hivyo, orodha iliyochapwa katika kompyuta moja ikifunguliwa katika nyingine, neno hilo laweza kutokea kama ngâ€™ombe. Mwenye orodha hudhani faili limeharibika, ilhali mara nyingi data yote ingali salama. Kilichokosewa ni namna ya kuisoma.

Kompyuta haihifadhi herufi, bali namba zinazopangwa katika vipande viitwavyo baiti. Kanuni inayooanisha namba na herufi ndiyo usimbaji. Kanuni ya ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, ina nafasi 128 tu. Zinatosha kwa alfabeti ya Kiswahili, na ritifaa iliyonyooka ya ng' ina namba 39.

Tatizo huanza pale programu ya uandishi inapoipinda ritifaa hiyo. Ritifaa iliyopinda haimo katika ASCII. Katika usimbaji wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, hushika baiti tatu: 226, 128 na 153. Programu inayodhani kuwa faili ni la Windows-1252 huifanya kila baiti kuwa herufi yake, ndipo zinapotokea alama tatu badala ya moja.

Kiiraqw, kinachozungumzwa sana wilayani Mbulu na Hanang, kina mtihani zaidi. Katika kamusi ya lugha hiyo ya mwaka 2002, ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling, mkwaju (/) ni herufi kamili. Ndani ya faili hausumbui, lakini hauruhusiwi katika jina la faili, kwa kuwa kompyuta huutumia kutenganisha majina ya folda.

Mwisho wa mstari

Mstari nao hukatwa kwa namba. Linux na macOS hutumia namba 10. Windows hutumia mbili, 13 kisha 10. Macintosh za kabla ya mwaka 2001 zilitumia 13 pekee. Programu ya Notepad ya Windows haikuitambua 10 ikiwa peke yake hadi mwaka 2018, hivyo orodha ndefu ilionekana kama mstari mmoja.

Hatari kubwa ni ile isiyoonekana. Programu ikikata mstari kwenye 10 pekee, namba 13 hubaki imeng'ang'ania mwishoni mwa neno. Hapo "Endasak" mbili zinazofanana machoni huhesabiwa kuwa tofauti, na mfugaji hukosekana katika orodha ingawa jina lake limo.

Ya kuzingatia

Kwanza, tunza nakala ya faili la asili, wala usihifadhi upya faili linaloonyesha alama za ajabu: herufi zikishageuzwa kuwa alama za kuulizia, hazirudi.

Pili, jaribu UTF-8 kwanza. Kanuni zake ni kali, hivyo faili la usimbaji mwingine lenye herufi zilizo nje ya ASCII ni nadra kuzipita. Likikataliwa, jaribu Windows-1252.

Tatu, baiti 239, 187 na 191 zikiwa mwanzoni mwa faili ni alama ya UTF-8; ziondolewe kabla ya kusoma neno la kwanza.

Mwisho, badili kila 13 na 10 zilizofuatana kuwa 10, kisha chagua ritifaa moja. Bila hivyo, anayetafuta ng'ombe hatampata ng’ombe.