Chuma cha Malindi, Taa ya Gede

Mwaka 1154, kwenye kasri la Mfalme Roger wa Pili huko Sisili, al-Idrisi alikamilisha kitabu chake cha jiografia. Habari za Malindi alizipata kwa wasafiri, na alichokitaja kuwa faida kuu ya wenyeji si pembe wala dhahabu, bali chuma. Wana machimbo yao, aliandika, na biashara yao kubwa ndiyo hiyo.

Mavi ya chuma yaliyofukuliwa katika miji ya kale ya pwani yanamuunga mkono. Mtafiti Chapurukha Kusimba amewafuatilia wahunzi wa pwani hiyo kwa miaka mingi.

Lakini utajiri wa chuma haukuwazuia watu kupenda vya wageni. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: kuna Nyumba ya Mkasi, na kuna Nyumba ya Taa ya Chuma. Taa yenyewe inasemekana ilitoka India. Nchi ya wahunzi kununua taa ya chuma ng'ambo! Huenda ni fahari tu. Mwenye nacho hutaka kionekane.

Shaba ilikuwa na njia zake. Mambrui, mwaka 2010, wachimbaji wa Kenya na China walipata sarafu ya shaba yenye tundu la mraba, ya enzi ya mfalme Yongle wa China (1403–1424). Kaskazini zaidi, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alifukua, kwenye magofu ya Shanga, simba mdogo wa shaba, mwenye umbo linalokumbusha sanamu za India. Na Lamu wakasubu siwa nzima, baragumu la shaba la kupulizwa kwenye sherehe za wakubwa wa mji.