Bendera ya Mombasa 1444: Kompyuta Imekubali, Historia Je?

Wadau wa gemu, leo tuongee kuhusu mraba mdogo sana: pikseli 128 kwa 128. Huo ndio ukubwa wa bendera moja ndani ya Europa Universalis IV, gemu ya mikakati iliyotolewa na Paradox ya Sweden mwaka 2013. Saa yake inaanza 11 Novemba 1444, na Mombasa yetu imo kwenye ramani. Ukitaka kuibadilisha sura, unatengeneza modi na kuingiza picha yako. Na hapo ndipo watu huanza kulia.

Tuanze na rahisi. Picha ikikataa kutokea, kagua vitu vitatu.

Kwanza, jina. Kila nchi ina herufi tatu. Mombasa ni MBA, kwa hivyo faili inaitwa MBA.tga na inakaa kwenye folda ya gfx/flags. Kilwa usiitafute kwa KIL, utachoka bure: waliipa ZAN. Na kama unatumia Linux, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti.

Pili, fomati. Iwe TGA ya biti 24, bila tabaka la uwazi. Ukihifadhi kwa GIMP, toa tiki kwenye RLE ili faili isibanwe. Halafu, yakhe, kuchukua PNG na kuibadilisha jina iwe .tga hakusaidii. Ni kama kubandika kibao cha Likoni kwenye matatu ya Kisauni. Abiria bado watashukia Kisauni.

Tatu, nakala za zamani. Gemu hii huweka akiba ya bendera kwenye folda yake ndani ya Documents. Unaweza kuwa umefanya kila kitu sawa na bado unaona bendera ya jana. Futa ile akiba, washa upya, basi.

Haya, bendera imetokea. Sasa swali langu: umechora nini?

Jibu la haraka ni nyekundu. Ina sababu. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya Fort Jesus hadi Desemba 1963, kwa sababu ule ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa bado ni wake kwa jina, ingawa Mwingereza ndiye aliyetawala. Wako wazee wetu walioiona kwa macho yao. Lakini Waomani waliiteka Fort Jesus mwaka 1698, miaka 254 baada ya saa ya gemu kuanza. Ngome yenyewe Wareno walianza kuijenga 1593. Nyekundu mwaka 1444 ni sawa na kumpa nahodha wa mtepe laini ya simu.

Basi Mombasa haikuwa na bendera? Ilikuwa nazo, na hapa ndipo roho huuma. Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Kumbukumbu za safari ile, zilizoandikwa na mtu aliyekuwa pamoja naye, zinasema mbele ya mji kulikuwa na vyombo vingi vimepambwa kwa bendera, mpaka Wareno nao wakapamba meli zao wasiachwe nyuma. Rangi gani? Alama gani? Hakuandika. Mtu kaziona, kashindana nazo, halafu kapita. Hata neno lenyewe "bendera" tumelitoa kwenye Kireno chao.

Siku chache baadaye, Malindi, mwandishi huyohuyo akafungua macho zaidi. Alipotokea mfalme, aliona pembe mbili za ndovu zilizochongwa vizuri, ndefu kama mtu, zikipulizwa kupitia tundu la ubavuni. Sisi tunaijua hiyo: ni siwa. Ya Pate, ya pembe, na ya Lamu, ya shaba, bado zipo Makumbusho ya Lamu. Kwenye miji ya Waswahili siwa haikuwa ya kila harusi. Ilikuwa alama ya utawala, na watu waliujua ukubwa wa mwenyewe kwa kuisikia. Gemu inadai picha, wakati fahari yetu nyingine ilikuwa ya sikio.

Wenzetu walipokosa picha, walijaza tu. Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha kule Cologne kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia. Ukurasa mmoja una Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Ukiitazama ile Mombasa, minara na mapaa yake yananikumbusha Ulaya kuliko nyumba za matumbawe zenye dari za boriti. Hiyo nayo ilikuwa teksicha, picha iliyovikwa juu ya mji wa watu. Na mpaka leo inachapishwa na kuuzwa kama "Mombasa ya kale". Akiba haijafutwa.

Ndio maana siwezi kukubali ile kauli ya "ni gemu tu". Sina digrii ya historia, chuo chenyewe niliacha, lakini najua kijana wa Changamwe anaweza kukaa na gemu hii usiku kucha na kitabu cha shule asikifungue. Picha atakayoiona mara elfu ndiyo atakayoiamini. Na huenda hajui kwamba Changamwe si jina la mtaa na malori ya bandari peke yake. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Miji Mitatu katika Taifa Kumi na Mbili za Mombasa.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Chora siwa. Halafu kwenye maelezo ya modi yako andika wazi kwamba ni chaguo lako, kwamba limetokana na pembe zilizoonekana Malindi 1498, na kwamba zile bendera za bandarini Mombasa hakuna aliyetuandikia rangi zake. Mistari mitatu inatosha. Kompyuta haitakuuliza ulikoitoa picha, itakubali chochote chenye pikseli 128 kwa 128. Atakayecheza baada yako ndiye anayestahili kujua.