Askari wa Miavuli Juu ya Krete

Katika vitabu vya picha vilivyotungwa juu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ni nadra kukosa ile picha ya mbingu iliyotapakaa miavuli, ndege za injini tatu zikipita kwa safu, na chini yake milima mikavu ya kisiwa cha Krete. Ni picha ya kupendeza, na hilo ndilo kosa lake. Kwani aliyeipiga aliinasa saa ambayo askari wa mwavuli bado hajawa askari, hana bunduki mkononi, hana hiari ya mahali atakapotua, wala hamwoni yule aliyejificha chini ya mzeituni anayemngojea afike. Kwa kadiri ninavyoisoma tarehe ya watu hawa, naiona kuwa ni tarehe ya muda huo mfupi, baina ya mlango wa ndege na kuishika silaha, na majemadari waliousahau waliulipia kwa roho za wengine.

Wazo lenyewe ni la kale. Benjamin Franklin, alipokuwa balozi wa Marekani mjini Paris zama zile maputo yalipoanza kupaa, aliandika mwaka 1784 kwamba maputo 5,000, kila moja likichukua watu wawili, yangeweza kushusha askari 10,000 kutoka mawinguni kabla mfalme yeyote hajawahi kukusanya jeshi la kuwazuia. Warusi ndio walioligeuza wazo hilo kuwa kitendo, wakashusha zaidi ya watu elfu moja kwa mara moja katika mazoezi ya mwaka 1935 karibu na Kiev. Na mwaka uliofuata jenerali wa Kiingereza, Archibald Wavell, alialikwa kuyatazama mambo kama hayo huko Belarus, akarudi kwao amestaajabu, lakini ana shaka kama jambo lile lina manufaa makubwa vitani. Takdiri ina mizaha yake: miaka mitano baadaye Wavell huyo huyo ndiye aliyekuwa amiri jeshi wa Waingereza katika Mashariki ya Kati, na Krete ilikuwa chini ya ulinzi wake.

Kwa upande wa Wajerumani mwenye jambo hili alikuwa Jenerali Kurt Student, rubani wa vita vya kwanza, mtu mpole wa sura lakini mwenye inda ya kutaka kuuonyesha ulimwengu kwamba nchi nzima yaweza kutekwa kutoka angani. Mwezi wa Mei 1940 watu wake wasiozidi 90 walitua kwa ndege zisizo na injini juu ya paa la ngome ya Eben-Emael nchini Ubelgiji, wakaitiisha ngome iliyodhaniwa kuwa haitekeki. Naye mwenyewe akapigwa risasi ya kichwa mjini Rotterdam siku chache baadaye, akapona. Baada ya Ugiriki kuanguka mwezi wa Aprili 1941, alimshawishi Hitler ampe Krete. Wapelelezi wakaarifu kuwa kisiwani hakuna zaidi ya askari 5,000, na kwamba wenyeji watawapokea wageni kwa furaha. Kwa hakika walinzi, Waingereza, Waaustralia, Wanyuzilandi na Wagiriki kwa jumla, walipita 40,000, ingawa wengi wao walikuwa wametoka kushindwa bara na hawakuwa na mizinga ya kutosha wala ndege. Na habari za wenyeji tutazifikia.

Yafaa hapa tuueleze mwavuli wenyewe, kwa sababu vifo vingi vya siku ile vilishonwa ndani yake kabla haujafunguka. Mwavuli wa Wajerumani ulimshika mtu kwa ukanda mmoja nyuma ya mgongo, juu ya mabega, hata ikawa anapoelea ananing'inia amejiinamia mbele, mikono yake haizifikii kamba, hawezi kuuongoza kuume wala kushoto. Alitoka mlangoni kwa kujirusha kichwa mbele, mikono ameitandaza, kamba iliyofungwa ndegeni ikaufungua mwavuli, na kutoka kimo cha mita zipatazo 120 tu akaifikia ardhi kwa muda usiofika nusu dakika, akiangukia mikono na magoti, ambayo kwa ajili hiyo yalifungwa mito. Kwa kuwa mtu anayeanguka namna hiyo hawezi kubeba bunduki ndefu, wengi walishuka na bastola, mabomu ya mkono na kisu, ilhali bunduki, rashasha na risasi zilishushwa katika makasha yenye miavuli yake. Basi kila askari, akiisha kujivua ukanda, kazi yake ya kwanza haikuwa kupigana bali kulitafuta kasha. Na kasha huenda limeangukia shamba la jirani, au juu ya mti, au mbele ya mtutu wa adui. Zaidi ya hayo walivaa nguo nzito za vita vya kaskazini katika jua la Mei la bahari ya kati, na kiu iliwatesa kabla ya saa sita ya mchana.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 20 Mei 1941, yapata saa mbili asubuhi, baada ya ndege za mabomu kuipiga pwani ya kaskazini, ndipo zilipotokea ndege za uchukuzi, zikiruka chini na polepole. Balaa lilitangulia hata kabla ya kufika: Jenerali Wilhelm Süssmann, aliyeamrisha divisheni ya miavuli, alikufa katika kisiwa cha Aegina baada ya ndege yake isiyo na injini kukatika kamba na kuvunjika mabawa. Batalioni ya tatu ya kikosi cha mashambulio ilikusudiwa kutua mashariki ya uwanja wa ndege wa Maleme, mahali palipodhaniwa kuwa patupu. Nayo ikamwagwa juu ya mashamba ya mizeituni na mizabibu ambamo Wanyuzilandi walikuwa wamejichimbia mahandaki, hata kupiga shabaha siku ile hakukuhitaji ustadi, maana mlengwa alikuwa akimjia mlengaji. Wengine walikufa wangali hewani, wengine wamenaswa matawini, wengine wakikimbilia makasha yao. Na hata jua kutua, katika watu wapatao 600 wa batalioni ile, theluthi mbili hivi walikuwa maiti, pamoja na wengi wa maofisa wao.

Mchana ilikuwa zamu ya Rethymno na Heraklion, na huko mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu ambayo wasanii wa picha za vita hawaichori: vumbi. Viwanja vya Ugiriki walivyorukia havikuwa na lami, kila ndege ikiondoka iliinua wingu lililozizuia nyingine kwa muda mrefu, na petroli ilitiwa kwa pampu za mkono kutoka katika mapipa. Basi zile ndege zilizopangwa kufika pamoja zilifika vipande vipande, saa nyingi baada ya ndege za mabomu kwisha kupita, na walinzi wamekwisha kung'uta udongo mabegani na kushika bunduki zao. Huko Heraklion waliuawa ndugu watatu wa ukoo wa von Blücher, wa damu moja na yule jemadari mkuu wa Prussia aliyepigana Waterloo, na mdogo wao alikuwa kijana wa miaka 17. Serikali ya Berlin, kwa upande wake, ilipenda zaidi kutangaza habari za Max Schmeling, bingwa wa masumbwi aliyepata kumwangusha Joe Louis, ambaye naye aliruka siku ile. Lakini Schmeling hakupata wa kupigana naye, maradhi ya tumbo yalimwahi.

Na wenyeji? Divisheni ya vijana wa Krete ilikuwa imepelekwa vitani Albania, ikakwama bara nchi ilipoanguka, hata waliobaki kisiwani walikuwa wazee, wanawake, watoto na mapadri. Hao ndio waliotoka na bunduki ambazo babu zao walipigania na Waturuki, na wasiokuwa na bunduki wakatoka na shoka, miundu na fimbo, wakawaangukia askari waliotawanyika kabla hawajayafikia makasha. Karibu na Kastelli, upande wa magharibi, kikosi kidogo cha watu 72 kilikaribia kuteketezwa chote na Wagiriki waliokuwa na silaha duni. Wajerumani walilipokea jambo hili kwa ghaidhi, wakisema kuwa raia hana haki ya kupigana. Hoja ya ajabu kidogo kutoka kwa mtu aliyeshuka bila hodi juu ya bustani ya mtu mwingine.

Hata usiku wa tarehe 20, mwenye kuhesabu wafu angesema kwamba Student ameshindwa. Aliyemwokoa hakuwa askari wake yeyote, bali simu za upepo za Wanyuzilandi. Luteni Kanali Leslie Andrew, shujaa wa vita vya kwanza aliyekuwa na nishani ya Victoria, alikilinda kilima nambari 107 kinachoutawala uwanja wa Maleme. Mabomu yalikuwa yamekata nyaya zake, simu hazisikiki, vifaru viwili alivyovituma viliharibika, na msaada aliouomba haukumfikia kwa wakati, naye akadhani kwamba makampuni yake ya mbele yameangamia. Yalikuwa hai na yanapigana. Akarudi nyuma gizani, na alfajiri Wajerumani, waliokuwa wamebakiwa na risasi chache, wakakikuta kilima kitupu. Student, aliyekuwa akikesha katika hoteli mjini Athens, aliishika nafasi hiyo moja kwa mikono miwili: tarehe 21 alasiri akaanza kuzitua ndege zenye askari wa milimani juu ya uwanja uliokuwa bado ukipigwa mizinga, ndege zikivunjika na kuwaka, na askari wakiruka kutoka ndani yake kuingia vitani. Jenerali Bernard Freyberg, aliyekiamrisha kisiwa, aliendelea kuitazama bahari, akihofia majeshi ya merikebu, na mashambulio ya kuurudisha uwanja, ambamo Wamaori walipigana kwa singe, yakaanza yamechelewa. Mwisho wa mwezi Waingereza walikuwa wakikimbia kwa miguu kupitia milimani kwenda Sfakia, kupakiwa merikebuni usiku. Kwa hiyo waandikao kuwa Krete ilitekwa kwa miavuli huwa wamekosea nusu nzima. Miavuli ilifungua mlango kwa gharama ya kutisha, na askari waliotua kwa magurudumu ndio walioingia.

Hitler alizihesabu roho hizo, wafu na waliopotea wakikaribia 4,000, akamwambia Student mwezi wa Julai kwamba siku za askari wa miavuli zimekwisha. Waingereza na Wamarekani, waliowaona watu hao kwa upande wa pili wa mtutu, walifikiri kinyume, wakaharakisha kuunda divisheni zao. Lakini ule muda mfupi waliurithi pia. Septemba 1944, huko Arnhem nchini Uholanzi, Waingereza walitua salama na silaha zao, ila walitua mbali na daraja walilolitaka, mwendo wa kilomita 10 na zaidi. Kikosi kidogo tu cha Luteni Kanali John Frost kikalifikia, na katika watu wapatao 10,000 waliovuka mto, kama 2,400 tu ndio waliorudi.

Kwetu huku tuliyaona karibu zaidi. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, saa kumi na mbili, Wabelgiji zaidi ya 300 waliruka kutoka ndege za Marekani juu ya Stanleyville, mji uitwao sasa Kisangani, kuwaokoa Wazungu waliokuwa mateka wa waasi waliojiita Simba. Na hayo yalitendeka siku moja tu baada ya mazungumzo ya Nairobi, ambako Mzee Jomo Kenyatta, mwenyekiti wa kamati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya Kongo, alikuwa akijaribu kupatanisha. Walitua vyema, wakausafisha uwanja, wakaingia mjini. Lakini muda uliopita kati ya mlio wa ndege na kufika kwao ulikaribia saa mbili, na ndani ya muda huo mateka walitolewa barabarani, na risasi za karibu ziliposikika, wengine wakapigwa papo hapo. Mateka waliouawa waliorodheshwa kwa majina katika magazeti ya Ulaya. Wakongo waliokufa siku zile na wiki zilizofuata, kwa maelfu, hawakupata mwandishi.

Tukirudi Krete, Student alitoa amri tarehe 31 Mei ya kulipiza kisasi kwa vijiji, bila kungojea mahakama. Tarehe 2 Juni wanaume wa kijiji cha Kondomari walikusanywa katika shamba la mizeituni, wakapigwa risasi na askari wa miavuli. Kesho yake Kandanos ikabomolewa yote, na kibao kikasimamishwa kueleza sababu. Alikuwapo Kondomari mpiga picha wa jeshi, Franz-Peter Weixler, naye akapiga kila hatua: wanawake wakitengwa, wanaume wakiketi chini, askari wakijipanga kwa safu, moshi, na miili. Baadaye alikamatwa kwa sababu ya picha hizo, akanusurika, akatoa ushahidi wa maandishi mwaka 1945 kwa ajili ya kesi ya Nuremberg. Picha zenyewe zikalala katika hifadhi ya serikali ya Ujerumani hata zikafichuliwa mwaka 1980. Nionavyo, kitabu cha picha cha askari hawa kisichokuwa na zile za Weixler kimekatwa kurasa za mwisho.

Jenerali Bruno Bräuer, aliyeruka na kikosi chake Heraklion kisha akawa liwali wa kisiwa, alihukumiwa na Wagiriki, akapigwa risasi Athens tarehe 20 Mei 1947, siku ile ile ya mwaka. Mifupa yake imezikwa Maleme, juu ya kilima nambari 107, katika makaburi ya Wajerumani 4,465, ambayo kwa miaka mingi yaliangaliwa na George Psychoundakis, Mkrete aliyekuwa tarishi wa wapiganaji wa siri dhidi ya watu hao hao. Student, aliyeitia saini ile amri, alishtakiwa na Waingereza juu ya mateka wa vita, akahukumiwa miaka mitano, akaachiliwa mwaka 1948. Wagiriki wakaomba wapewe wamhukumu wao, wakakataliwa. Alikufa mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 88.