Saa ya Seremala na Deni la Bunge

Katika jengo la kale la wanajimu wa kifalme huko Greenwich, London, imehifadhiwa saa yenye umbo la saa ya mfukoni, ingawa hakuna mfuko ambao ungeibeba. Upana wake ni sentimita 13 hivi, na uzito wake unakaribia kilo moja na nusu. Huitwa H4. Aliyeiunda ni John Harrison, seremala na mtoto wa seremala, akaikamilisha mwaka 1759.

Simulizi lake kwa kawaida husomwa kama sifa ya kipaji. Mimi hulisoma kama jalada la serikali, na wasomaji walio maofisini watalitambua upesi. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi pauni 20,000 kwa atakayewezesha mabaharia kujua longitudo kwa kosa lisilozidi nusu digrii. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja. Kwa hiyo baharia mwenye saa isiyopotea, inayoonyesha wakati wa bandari alikotoka, hujua amekwenda umbali gani mashariki au magharibi. Nusu digrii ni dakika mbili tu za wakati. Katika safari ya kwenda Jamaika iliyoanza Novemba 1761 (na tusisahau kwamba Jamaika ya siku zile ilikuwa kisiwa cha sukari na watumwa), H4 ilichelewa sekunde tano.

Bodi ya Longitudo haikulipa. Iliagiza jaribio jingine, kisha ikamtaka mzee aifungue saa vipande vipande na kueleza siri yake, ndipo apewe nusu. Mwaka 1766 saa ilikabidhiwa kwa Nevil Maskelyne ili aipime. Maskelyne alikuwa mjumbe wa Bodi hiyohiyo, tena mtetezi mkuu wa njia shindani ya kupima longitudo kwa mwezi. Akaandika kwamba haitegemeki. Ilibidi Mfalme George III aingilie kati, na mwaka 1773 Bunge likaidhinisha pauni 8,750 kama hisani. Tuzo yenyewe kwa jina lake haikutolewa kwa yeyote. Harrison alifariki mwaka 1776.

Baada ya ubishi wote huo juu ya mali ya umma, saa zake ziliachwa zichakae. Mwaka 1920 Rupert Gould, ofisa wa jeshi la majini asiye na mafunzo rasmi ya ufundi saa, alizikuta Greenwich zimejaa uchafu na kutu. Aliomba ruhusa ya kuzitengeneza bila malipo. H3 peke yake ilimla miaka saba. Katika kipindi hicho ndoa yake ilivunjika na afya ya akili yake ikayumba, lakini aliandika hatua kwa hatua kila alichofungua, katika madaftari. Kwangu mimi madaftari hayo yana thamani kuliko kule kutembea kwa saa, kwani fundi aliyemfuata hakulazimika kubahatisha. Kazi ilikamilika mwaka 1933.

Leo H1, H2 na H3 zinatembea mbele ya wageni. H4 imesimamishwa kwa makusudi: yenyewe, tofauti na zile tatu, huhitaji mafuta, na kila inapotembea vyuma vyake hulika kidogo.