Piano za kale zafufuliwa, pembe za ndovu zazua swali gumu

PIANO kubwa zilizoundwa Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 bado zinatafutwa na wanamuziki, ingawa nyingi zimepita umri wa miaka 100. Kinachowavutia si umbo pekee, bali ufundi unaoziwezesha kurudishiwa sauti yake.

Kampuni ya Steinway & Sons, iliyoanzishwa New York mwaka 1853, ni miongoni mwa zilizoipa piano hiyo sura yake ya leo. Mwaka 1859 ilipata hataza ya kupitisha nyuzi za sauti nzito kwa mshazari juu ya nyingine. Piano ya aina hii huwa na vipande takriban 12,000, na fremu yake ya chuma huhimili mvuto wa nyuzi unaokaribia tani 20.

Mvuto huo, pamoja na mabadiliko ya unyevu wa hewa, huichosha piano. Vigingi vya kukazia nyuzi hulegea, nyundo zilizovishwa sufu iliyoshindiliwa hukakamaa, na ubao mwembamba unaokuza sauti hupasuka.

Nyuzi, nyundo na vigingi vilivyochakaa hubadilishwa bila ubishi mkubwa. Mafundi hutofautiana kuhusu ubao wa sauti: wapo wanaoziba nyufa kwa vipande vya mbao ili kulinda sauti ya awali, na wapo wanaouondoa na kuweka mpya ili kurejesha nguvu.

Suala gumu zaidi ni vitufe. Katika piano nyingi za enzi hizo, vitufe 52 vyeupe, kati ya vyote 88, vilifunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu. Viwanda vya Deep River na Ivoryton, katika jimbo la Connecticut, vilichonga pembe nyingi zilizopitia Zanzibar. Pembe hizo zilifikishwa pwani ya Afrika Mashariki na misafara kutoka bara, mabegani mwa wapagazi na watumwa.

Mwaka 1989 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2022, inaruhusu kuuza vyombo vya muziki vya kabla ya mwaka 1975 vyenye pembe chini ya asilimia 20, mradi viandikishwe.

Kwa hiyo kitufe kikivunjika, fundi hutafuta kipande kutoka piano iliyokwisha kufa, au hutumia plastiki. Naye mnunuzi hana budi kuuliza vitufe vimefunikwa kwa nini, na vina hati gani, kabla ya kusafirisha piano hiyo kuvuka mpaka.