Waliiona Pombe ya Mababu, Wakaiuza Japani: Leo Wanaisaka kwa Tochi

Kuna Wamarekani wanapanda ndege mpaka Japani kusaka wiski iliyotengenezwa Kentucky. Yaani kwao kabisa! Wanazunguka viduka vya mtaani, wanainama kwenye rafu za chini zenye vumbi, wanatafuta chupa yenye namba 12, 15 au 20. Ilikuwaje kitu cha nyumbani kikafuatwa ng'ambo? Stori yenyewe ndiyo hii.

Kinywaji chenyewe ni burboni. Ni wiski ya Marekani ambayo angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi, na hukaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani kwa moto. Mwaka 1964 Bunge la Marekani liliitambua rasmi kuwa kinywaji cha pekee cha nchi hiyo. Bahati mbaya, sifa ilikuja mambo yakiwa yanaelekea kubaya. Kufika miaka ya 1970, vijana waliiona ni pombe ya mababu, wakahamia kwenye vodka. Maghala ya Kentucky yakabaki na mapipa kibao yasiyo na mnunuzi.

Na pipa halikai bure. Joto la kiangazi linaisukuma pombe ndani ya mbao, baridi inairudisha, na kila mwaka kiasi kinapotea hewani. Wenyewe wanakiita fungu la malaika. Baada ya miaka 20, nusu ya pipa au zaidi inaweza kuwa imekwenda, na iliyobaki ikizidiwa na mbao inakuwa chungu balaa. Kwa wenye viwanda, pipa la miaka 15 lilikuwa mzigo tu.

Wajapani wakaona tofauti. Miaka ya 1980 uchumi wao ulikuwa unapaa, na mambo ya Kimarekani yalikuwa ndiyo fasheni. Walishazoea wiski za Uskoti, ambako umri mkubwa kwenye lebo ni heshima. Kwenye baa zao mteja alinunua chupa nzima, ikaandikwa jina lake na kutunzwa hapo hapo mpaka arudi. Sasa kama chupa yako inakaa mbele za watu, utaweka ya kawaida kweli?

Basi mapipa yaliyodharauliwa yakapata mwenyewe. Evan Williams ya miaka 12 ikapelekwa huko. Wild Turkey ya asilimia 50.5 ilipofuta namba 8 kwenye lebo ya Marekani, chupa za Japani zikaendelea kuibeba. Four Roses ndiyo kituko: burboni yake halisi iliondolewa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 ikauzwa Ulaya na Asia, huku nyumbani jina hilo likibandikwa kwenye mchanganyiko wa bei chee. Ni mpaka kampuni ya Kijapani, Kirin, ilipoichukua mwaka 2002 ndipo burboni yenyewe ikarudishwa kwao.

Kisha upepo ukageuka. Burboni ikarudi kwenye chati Marekani, kila mtu akataka ya zamani, na ya zamani haikuwepo. Hapo ndipo pesa haisaidii: unaweza kujenga kiwanda kipya leo, lakini pipa la miaka 20 litakuwa tayari baada ya miaka 20. Hakuna njia ya mkato.

Wasakaji wana dalili zao. Chupa nyingi za nje zilikuwa za mililita 700, wakati ya Marekani kwa miongo mingi ilikuwa 750. Nyuma kuna karatasi ya Kijapani ya mwagizaji. Wanaangalia kizibo na kiasi kilichobaki, kwa sababu wiski haizeeki tena ikishaingia kwenye chupa. Inaweza tu kupungua au kuharibika. Na matapeli nao wapo, wanajaza chupa tupu kwa pombe ya juzi. Kentucky yenyewe, tangu 2018, sheria inaruhusu maduka yenye leseni kununua chupa za zamani kutoka kwa watu binafsi na kuziuza tena.

Wajukuu wa waliokataa pombe ya mababu ndio leo wanalipia vumbi lake. Wahenga walisema nabii hakubaliki kwao.

Je, kitu gani cha kwetu tunakidharau leo, kesho tutakifuata ng'ambo kwa bei mbaya? Tupia komenti yako hapo chini. Na kama unakunywa, kunywa kistaarabu.