Pumzi Moja, Sauti Mbili

Anayetoka Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, miji ya Kaunti ya Makueni. Kitui nayo imepakana na Tana River. Hao ni jirani zetu, na shida ya wanamuziki wao ni yetu pia. Harusini, mpiga kinanda mmoja hubebeshwa kazi ya bendi nzima, na filimbi inayotoka kwenye kitufe haina pumzi. Aliyezoea zumari huitambua mara moja.

Dawa mojawapo ni ala ya kupuliza ya kielektroniki. Mmarekani Nyle Steiner aliibuni miaka ya 1970. Mwaka 1987 Akai wakaitoa sokoni kwa jina la EWI, na Yamaha wakatoa WX7. Ala hupima nguvu ya pumzi na mahali pa vidole, kisha hupeleka amri kwenye sintesaiza kwa njia ya MIDI, lugha ya vinanda tangu 1983.

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Utamu upo katika kuchanganya sintesaiza mbili. Ya kwanza itoe mwanzo wa noti, ule mkwaruzo wa hewa na ulimi. Ya pili itoe unene. Toa waya kwenye ala uingie ya kwanza, halafu utoke tundu la Thru kwenda ya pili. Ziweke zote chaneli moja kati ya zile 16, uzilinganishe sauti.

Sasa gawa kazi za pumzi. Kwenye ya kwanza ipandishe na kushusha sauti, kwenye ya pili ifungue chujio, sauti ing'ae unapokaza. Zikifanya kazi ile ile, utapata kelele tu.

Kabla hujatoa pesa, angalia mambo mawili. Amri ya pumzi ni namba 2, na vinanda vingi vya bei nafuu haviisomi. Tuma namba 11 au 7 badala yake. Pili, tafuta tundu la mviringo la pini 5. Tundu la USB la kinanda kwa kawaida limekusudiwa kompyuta, si ala nyingine.

Mtambo hautakufundisha kupuliza. Wazee wetu wa zumari bado wapo. Kijana aende kwao kwanza, dukani baadaye.